Masini ya Sonia na Kamba ya Mihogo

Jumatatu, 7 Julai

Louise mwanangu, mavuno mawili yamepita, wewe uko Kindu tu. Nani alikuzaa, mimi ama jiwe? Binti yako Sonia amefika Kasongo kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye meno, bado ananiita Koko, bibi yake. Mimi herufi nilipewa na wamama wa parokia, darasani sikukaa. Soma polepole.

Sonia ameleta masini aliyoiunda na wenzake. Inaruka kama mwewe, inazama Lualaba kama kambale, inatafuta mchanga unaokwamisha mitumbwi, kisha inarudi yenyewe. Hakuna mutu anayeiongoza. Nikauliza, na ikikataa kurudi? Akasema mukubwa wake, Serge, anakuja Jumatano kuitazama. Isiporudi, kazi ya Sonia imekwisha.

Jumanne, 8 Julai

Jirani Mwamvita amepita kwa makusudi. Eti kitu kisichoshikwa ni cha mto. Nikamwambia hata mume wake hakuwa anashikwa, na alirudi. Akajibu, alirudishwa na njaa. Masini yenu inakula nini?

Nikamfungia mlango.

Mchana nikaenda kijitoni kutoa mihogo niliyolowesha ndani ya gunia. Gunia liko palepale, kwa sababu nililifunga kwenye mti. Nikaelewa. Hawa wenye diplome wamesahau kamba.

Jumatano, 9 Julai

Ukingoni mwa mto, Sonia alipokwenda kumpokea Serge, nikafunga kamba ya mihogo kwenye mguu wa masini. Ncha ya pili kwenye kisiki. Kamba nikaifukia mchangani.

Masini ikaruka. Ikazama. Nikakamata rozari. Ikatoka majini vizuri, ikapanda, kamba ikaisha, ikajisokota kwenye mapanga yanayozunguka. Pu! Mtoni tena.

Mwamvita, aliyekuja kutazama, akasema, si nilisema? Nikavuta kamba. Masini ikaja ikiburuzwa, matope tupu.

Serge akauliza ni enjenieri gani aliyeifunga. Nikasema, mimi. Akasema ameiona ikitoka majini yenyewe. Watarudia mwezi ujao. Siku hiyo afungwe Koko, si masini.

Alhamisi, 10 Julai

Sonia amekula sombe yangu, majani ya mihogo, bila kunitazama. Mwishoni akasema, Koko, ilikuwa inarudi, kamba ndiyo iliyoiangusha.

Nimefikiri mpaka kichwa kinauma. Mutoto ana haki, amesema kweli. Kamba ilikuwa fupi.

Louise, mwezi ujao uje, na usiniletee sukari. Leta nailoni ya wavuvi, ile ndefu kabisa. Uifiche chini ya kitenge, Sonia asiione.