Muteti Anapima Gari la Mama wa Mayai

Muteti aliiona taa ya njano ikiwaka kwenye dashibodi kabla hata hajamsalimia mwenye gari, na moyo wake ukacheka. Ilikuwa Jumatano, mwaka wa 2003. Jumamosi alikuwa apeleke ntheo kwa kina Kaluki, mchumba wake, kule Bisil, wale mbuzi watatu ambao bila wao Mkamba hajaoa. Kina Kaluki alikuwa amewaambia yeye ni fundi mkubwa wa magari Kitengela, na fundi mkubwa hawezi kushukia kwa wakwe kutoka kwa lori la ng'ombe. Alihitaji gari, na sasa gari lilikuwa limejileta.

Usiniulize ufundi alisomea wapi. Alikuwa na ovaroli, na alikuwa na kalkuleta kubwa aliyoifunga nyaya tatu akaiita kompyuta ya Japani. Kitengela nzima iliiheshimu.

"Mama, hii taa ya injini imewaka tangu lini?"

"Wiki mbili, fundi," akasema Nyakio, aliyeuza mayai pale sokoni. "Inanitisha."

Muteti akasukuma nyaya chini ya usukani. Akabonyeza saba, akabonyeza nne, akatikisa kichwa.

"Sema tu, fundi. Nimezika watu, siwezi shindwa na gari."

"Injini imeoza, mama. Mwezi haimalizi."

"Woi. Na sasa?"

"Kwa vile wewe ni kama mamangu, niko na pikipiki, nzima kabisa. Chukua hiyo ubebee mayai, uniachie huu msiba."

Nyakio akalia kidogo, akatia sahihi logbuku ya umiliki wa gari, akapanda pikipiki akaenda zake. Muteti alimhurumia mpaka alipopotelea kwenye kona. Kisha akaibandika ile taa ya njano selotepu nyeusi, na ufundi wa siku hiyo ukaisha.

Jumamosi akaondoka na wajomba wawili wa kukodi, mbuzi wamebanwa kwenye buti. Walipopita Kajiado injini ikaanza kugonga. Muteti akaongeza sauti ya redio. Kwenye lango la kina Kaluki, mbele ya ukoo mzima na Kaluki mwenyewe aliyesukwa nywele jana yake, injini ikagonga mara ya mwisho ikafa.

"Si wewe ni fundi? Fungua tuone," akasema mzee Mbaluka, babake Kaluki.

Muteti akafungua boneti, akatazama ndani kama mtu anayetafuta ndugu sokoni. Mzee alikuwa ameendesha malori ya simiti miaka thelathini. Alipochoka kungoja, akaingia ndani ya gari akageuza funguo kidogo.

"Taa nyekundu ya oili iko wapi?"

"Haijawaka, mzee. Oili iko sawa."

"Kijana, ukigeuza funguo ni lazima iwake kwanza, ndiyo ujue ni nzima. Hii mtu ametoa balbu, ili mnunuzi asione injini haipati oili. Hata tanboi wangu wa kupakua simiti angejua. Nani alikuuzia?"

Muteti akafunga boneti. "Mama fulani wa mayai."

Mzee akacheka mpaka akashika mlango. Wajomba wa kukodi nao wakacheka, na hawakuwa wamelipwa kwa hilo.

"Mbuzi tumepokea," akasema mzee akipangusa macho. "Msichana atangoja. Wewe tafuta fundi akufundishe kazi, halafu urudi."

Muteti akamtazama Kaluki, akitumaini neno. Kaluki alifungua buti, akawashusha mbuzi wote watatu, akawaingiza bomani, akafunga lango Muteti akiwa nje.