Daktari wa Maharage ya Kutambaa

Kuna watu waliojaliwa mikono ya kufanyia kazi. Kauli Tamu alijaliwa ulimi, na kwa kumheshimu aliyemjalia, hakuwahi kuupumzisha. Shida yake ilikuwa miguu. Mitaa yote ya karibu ilijaa watu waliokwisha kumwamini mara moja, hivyo kila siku alitembea mbali zaidi kutafuta ambao bado.

Asubuhi hiyo, kupitia geti la mjane mmoja, aliona vitu viwili: mstari wa maharage ya kutambaa, majani ya njano, yameng'ang'ania miti yake kama walevi ukutani, na baiskeli ya marehemu barazani, inang'aa. Akavaa koti jeupe alilotembea nalo kwenye mfuko, akabisha hodi.

"Pole na msiba, mama."

"Msiba gani, mwanangu? Mzee tulishamzika zamani."

"Huu wa maharage. Mimi ndiye daktari wake."

Akachutama, akatega sikio kwenye shina, akafumba macho. "Anapumua kwa shida."

"Atapona?" Mjane alishika kifua.

"Kwangu hafi mtu. Na silipwi mpaka mgonjwa apone. Akipona, nitatosheka na kile chuma barazani."

Hakukusudia kusubiri. Angeiazima baiskeli akachukue dawa, na dawa hiyo ingepatikana mbali sana.

"Baiskeli nzima kwa mstari mmoja?"

Swali lilikuwa la haki. Ikabidi ugonjwa unenepeshwe. Kauli Tamu akapiga kisigino ardhini huku na kule, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Mstari huu umeonyesha dalili tu. Ugonjwa umo ardhini, mama. Umeshika uwanja wote, toka getini hadi jikoni."

"Ole wangu! Tufanyeje?"

"Udongo wote ugeuzwe," ulimi ukajibu, bila kumshauri mwenyewe.

"Mungu akubariki," mjane akasema, akaenda kuleta jembe.

Kauli Tamu alilitazama jembe kama mbuzi anavyomtazama mchinjaji. Lakini baiskeli iling'aa, akalima. Kila alipolegea, mjane alitokea na kikombe cha maji. "Na ile pembe, daktari? Usije ukaacha mdudu." Alipofika getini aliulizwa kama wale wagonjwa hawataambukiza udongo uliokwisha kutibiwa. Daktari gani angesema hapana? Akawang'oa.

Jua lilipolegea, akaegemea mpini. "Mama, niazime baiskeli nikimbilie dawa."

"Dawa ya nani?"

"Ya mgonjwa."

Mjane akaonyesha rundo la majani. "Si huyu? Umemng'oa kwa mikono yako, mwanangu, nami nilikuamini." Akafuta jicho lililokuwa kavu kabisa. "Ulisema hulipwi mpaka apone. Siwezi kukuvunjia kiapo."

Kauli Tamu akavua koti jeupe, akalirudisha mfukoni. Akaondoka kwa miguu, malengelenge viganjani.

Jirani mshonaji akachungulia juu ya ukuta. "Shoga, kalima wote?"

"Mpaka jikoni." Mjane alikuwa ameshaanza kufukia mbegu mpya kando ya geti. "Haya yakikua nitayanywesha tena maji ya chumvi."

"Na safari hii atakuja nani?"

"Yeyote atakayeletwa. Yule daktari wa nyanya alinichimbia choo." Akatazama juu ya nyumba. "Naomba tu huyu ajaye asiogope ngazi. Bati linavuja."