Nafasi Kando ya Magreth

Jumatano, 9 Juni 1999

Magreth amekufa. Asubuhi, hospitali. Nimerudi na kanga zake na chupa ya chai. Chai ilikuwa bado ya moto. Nimeinywa.

Jumamosi, 12 Juni

Tumezika. Manyunyu na baridi. Kaburi nimelitaka mpakani, karibu na masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka, maana kwingine kote ni kahawa, na kahawa aliipanda yeye. Sikutaka ing'olewe. Kati ya kaburi na masale nimebakiza nafasi. Ya kwangu.

Upande ule jirani ni Aminiel, mtoto wa baba mdogo. Leo kachimba kuliko wote. Alipomaliza akaniambia, kaka, shemeji umemlaza karibu na sikio langu, nitakuwa namsalimia nikienda kulima. Watu wakacheka kidogo. Mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia ile nafasi. Ni nyembamba. Mabega yangu ni mapana.

Alhamisi, 17 Juni

Binti yangu Hanna amerudi Lemara kwa mume wake. Kaacha sufuria la makande. Nyumba kimya.

Bwana Ludovick, yule mpima ninayemfanyia kibarua, kaja kunipa pole. Kaja na habari pia. Jumanne tunapima hapa Kikwe, shamba kwa shamba, watu wapate hati, maana wenye mashamba ya maua wanazunguka kutafuta ardhi. Penye masale ndipo mpaka. Mashine ikishasoma, basi, hata mjukuu hagusi.

Kazi yangu ni kushika mti wenye mashine juu. Nimeushika Sekei, nimeushika Lemara. Mashine inaangalia satelaiti, inatoa namba. Haijui mpaka uko wapi. Inajua niliposimama mimi tu.

Nimelala na hilo kichwani.

Jumapili, 20 Juni

Aminiel anaimba besi kwenye kwaya. Ibada ya pili ni ndefu. Nimeng'oa masale yote ya upande ule nikayapanda hatua mbili ndani kwake. Mashimo ya zamani nimefukia, juu nimepanda maharage.

Halafu nikajilaza chini kwenye nafasi yangu, kupima. Sasa natosha. Hata kugeuka naweza.

Suruali ya msiba imechafuka. Magreth angesema.

Jumanne, 22 Juni

Mambo yameharibika.

Mashine ni mbili. Moja inakaa kwenye jiwe la zege pale kanisani, haiondoki. Nyingine natembea nayo mimi. Jioni ofisini wanazilinganisha. Kila pembe ya shamba ina namba ya mashariki na namba ya kaskazini. Ya kaskazini ni milioni tisa na ushei. Niliuliza milioni tisa za nini. Bwana Ludovick akasema mita, ikweta wameiita milioni kumi, sisi tuko chini yake. Dunia ni duara, wao wameilaza kwenye karatasi. Sawa.

Tulipofika kwangu masale yalikuwa yameinamisha vichwa kama wafiwa. Udongo mbichi. Bwana Ludovick akauliza haya yamepandwa lini. Nikasema enzi za babu. Akauliza kama babu alikuwa hapa juzi na jembe.

Aminiel akaangalia masale. Akaangalia tuta jipya la maharage. Hakupiga kelele. Akamwambia mwenyekiti wa kitongoji kwamba hata yeye sasa amekumbuka, mpaka wa babu ulikuwa kule ndani kwangu, kwenye kahawa. Kama ni kukumbuka, akasema, tukumbuke wote.

Mwenyekiti akasema tunampotezea mpima siku. Kateni katikati.

Katikati ni juu ya kaburi.

Bwana Ludovick akavua kofia. Akasita. Akaniambia nisimamishe mti pale. Mashine ikakataa, haioni anga, migomba imefunika. Ikabidi mmoja ukatwe. Wa Magreth, una mkungu mchanga. Aminiel alipewa panga, akaliweka chini, akasema yeye hakati. Nikaukata mimi.

Nikasimama juu ya mke wangu mpaka mashine ikamaliza. Mkono wake wa kulia uko kwangu, wa kushoto uko kwa Aminiel. Nafasi yangu yote iko kwa Aminiel.

Nikabeba mti, tukaenda pembe nyingine. Ningeonyesha mashimo ya zamani, wangejua ni nani kayafukia.

Jumatano, 23 Juni

Mbuzi wa mchungaji jana kajikuna kwenye miguu ya ile mashine ya kanisani. Wameikuta imekaa upande. Bwana Ludovick anasema ile ikisogea, namba zote za Kikwe zimesogea nayo. Hazifai. Kijiji kizima kimehamishwa na mbuzi. Tunarudia Ijumaa.

Nikaenda kumwambia Magreth.

Jioni Aminiel kaja. Kashika sale kwa mikono miwili, na mizizi yake. Kwetu mtu akija na sale kutaka amani humkatalii, hata kama kakuchomea nyumba. Na mwenye kukosewa ni yeye. Akasema, kaka, jana nilisema uongo kwa hasira, uniwie radhi. Ijumaa waonyeshe tu mashimo ya zamani. Ukionyesha, kile kipande cha kukutosha nakuongezea mimi mwenyewe kutoka shambani kwangu, ulale vizuri na shemeji. Ila useme wewe, mbele ya watu, kwa mdomo wako.

Nimelipokea. Tumekunywa chai.

Alhamisi, 24 Juni

Nimefikiri kutwa. Kusimama mbele ya watu niseme niling'oa masale wenzangu wakiwa kanisani, siwezi. Na kwa nini niseme? Yale ya Jumapili yamekufa. Sale la Aminiel ni zima, halijainama. Na kalileta mwenyewe.

Nimelipanda kwenye mstari wangu wa Jumapili. Hapana, nimesogea ndani kwake kidogo zaidi, mtu akija kunisalimia kaburini apate pa kukaa. Udongo nimeushindilia kwa mguu, nikamwaga majani makavu ya mgomba juu. Panaonekana pa zamani.

Aminiel kapita na jembe. Kamsalimia Magreth, kama alivyosema. Kasimama, kaliangalia sale lake lilipo. Muda mrefu. Kasema, haya kaka. Kaenda zake.

Kakubali.

Kesho narudi kazini. Mti nashika mimi.