Kiti cha Plastiki na Kondoo wa Kamakis

Jumatatu, 3 Machi

Daktari anasema moyo wangu umechoka, nisipande hata ngazi. Vema. Nilifundisha historia, najua hakuna utawala usio na mwisho. Kabla ya wangu kwisha nataka jambo moja: nimshinde Ndung'u, jirani yangu hapa Makongeni. Mara moja tu! Amenishinda kwa drafti, kwa mahindi, hata kwa uenyekiti wa wazee wa kanisa.

Leo njia imefunguka. Wavinya, mwenye nyama choma kule Kamakis, ametangaza shindano la Jumamosi: kukaa kwenye kiti cha plastiki. Ukisimama, umetoka. Wa mwisho anachukua kondoo dume.

Kukaa! Si ndiyo kazi yangu tangu nistaafu?

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi. Nimekaa tangu uji wa asubuhi. Mke wangu Awiti ameuliza haya mazoezi yana tofauti gani na siku nyingine. Mwanariadha hajibizani na watazamaji.

Jioni Ndung'u akachungulia juu ya ua. Naye amejiandikisha! Na ile nyonga yake mbovu, ambayo humfanya achukue wimbo mzima kanisani kuinuka. Akasema ati Mwalimu nisijisumbue kutafuta kamba, kondoo anajua njia ya kwenda kwake Ndung'u.

Ngoja tu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata mpango. Nauungama hapa, maana huko juu nitaulizwa karibuni. Nimempigia simu Mchungaji Okello aje aliombee shindano. Nimemwambia ni kwa ajili ya amani ya washindani. Ukweli: mtu wa huku akisikia "tusimame tuombe", miguu huinuka kabla ya akili. Watasimama wote. Mimi nitabaki kitini, macho nimefumba, kama mgonjwa.

Na kweli mimi ni mgonjwa. Si uongo kamili.

Jumamosi, 8 Machi

Yawa, jamani!

Vijana walitoka mapema. Simu zikiita, wanasimama kupokea. Mmoja aliifuata harufu ya mbavu. Mwishowe tukabaki mimi na Ndung'u, tukitazamana kama majogoo. Akaniuliza kama miguu bado ninayo. Nikamwambia aulizie yake.

Mchungaji akafika. Akasema tusimame tuombe. Nikafumba macho, nikajifanya mgonjwa. Ndipo akaongeza kwamba sala itaongozwa na mzee wetu mpendwa, Mwalimu Jeconia.

Mzee wetu mpendwa, mimi! Miaka yote maikrofoni wanampa Ndung'u. Nilisimama kama askari. Niliiombea nchi, mvua, wachinjaji, hata kondoo mwenyewe. Niliposema amina na kufumbua macho, Ndung'u alikuwa angali anahangaika kuinuka, ameshika mikono ya kiti, makalio hayajabanduka.

Nyonga! Wavinya akamtangaza Ndung'u mshindi.

Jumapili, 9 Machi

Ndung'u amechinja. Niliapa kutokwenda. Harufu ikaruka ua, Awiti akaifuata, nami nikamfuata Awiti.

Ndung'u alikuwa amenitengea mbavu. Akasema, haki ya Ngai, sala kama ile hajawahi kuisikia; ningeiongeza kidogo tu, naye angekuwa amesimama.

Kumbe ilikuwa fupi! Awiti amecheka hadi machozi. Nimekula kama mtu asiye na mpango wa kufa mwaka huu.

Jumatano, 12 Machi

Wavinya ana shindano jingine: kunyamaza. Ukitoa sauti, umetoka. Zawadi ni mbuzi. Ndung'u ameshaniambia juu ya ua kwamba mwalimu hawezi kunyamaza hata akilala.

Tutaona. Nimeshamwomba Mchungaji Okello apite kutusalimu. Nani huku akisikia "Bwana asifiwe" atabaki kimya? Ndung'u ataitika kwa sauti yote. Mimi nitakuwa nimejiandaa.

Awiti ameleta uji sasa hivi, akasema Bwana asifiwe. Nikaitika amina.

Hiyo haihesabiki. Sikuwa nimeanza.