Ombi la Kurudishiwa Majina kwenye Mitihani ya Hisabati

Kwa Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

Nakusalimu kwa heshima zote, ingawa tumeonana asubuhi kwenye birika la chai. Naandika kwa uchungu. Miaka ishirini na sita nimefundisha hisabati shuleni hapa bila kumbagua mtoto yeyote, na hata wale wasio na akili wanaweza kunishuhudia. Lakini tangu mkufunzi yule atuletee mafunzo ya upendeleo na haki darasani, sina raha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Alikaa nyuma ya darasa langu, akipiga kistari daftarini kila nilipomwita mwanafunzi. Eti wavulana wa mbele niliwaita mara thelathini na nane, wasichana mara mbili. Hakuandika kwamba mara zote mbili palikuwa na jambo la maana: mmoja afute ubao, mwingine afunge dirisha.

2. Amenipigia marufuku majina ya utani. Mbele nina Daktari, mtoto wa mwenyekiti wa bodi. Nyuma kabisa nina Abiria, binti wa mama anayefagia ofisi zetu. Nilimpa jina hilo siku ya kwanza, nilipoviona viatu vyake, kwa kuwa mtoto wa namna ile husafiri tu na darasa mpaka lifike. Sasa nianze kukariri majina halisi, kwa umri huu!

3. Hili ndilo lililonivunja nguvu. Mtihani wa kuchagua watoto watano wa darasa la sayansi tumeusahihisha kwa namba, majina yakiwa yamefichwa. Nitatendaje haki bila jina? Daktari akikosea, najua mkono umeteleza, nampa alama zake. Abiria akipatia, najua amechungulia, nakata. Safari hii nilisahihisha kama kipofu, na majina yalipofunuliwa, Abiria ndiye wa kwanza kwa tisini na tatu. Daktari ana arobaini na moja! Nimefanya uchunguzi. Binti alikaa peke yake, maana hakuna anayetaka kukaa naye, na swali la mwisho alilipata yeye tu darasa zima. Kuchungulia kwa kiwango hicho sijawahi kuona.

4. Kwa hiyo naomba mtihani usahihishwe upya majina yakiwa wazi, orodha isibandikwe hadi nimalize, na mkufunzi aniombe radhi mbele ya walimu wote.

Wasalimie walimu, wapishi na mlinzi, na mwenyekiti wa bodi kwa namna ya pekee.

Wako mtiifu kazini,
Mwalimu wa Hisabati

N.B. Sikuweza kusubiri ruhusa. Nimeisahihisha upya karatasi ya binti yule, jina likiwa wazi: sitini na nane. Nikalifunika jina kwa kiganja, nikarudia: tisini na tatu. Nimerudia mara nne, kwa kalamu ileile. Nimeona aibu, Mwalimu Mkuu. Tafadhali bandika orodha sasa hivi, yeye akiwa wa kwanza, kabla sijaishika tena ile karatasi.