Bakteria wa Tambarare

Jumanne, 8 Julai
Nimerudi kutoka semina ya ufugaji mjini Same. Sikusinzia hata kidogo! Mtaalamu, Bi Victoria, kasema wapo bakteria wazuri: ukiwatia kwenye maziwa ya jibini, wanavunjavunja protini na kutengeneza vitu vinavyosaidia tumbo, huenda hata shinikizo la damu. Hiyo "huenda" nimeifuta.

Mke wangu, Mama Agape, hajafurahi niliposema nitatengeneza jibini. Kasema ng'ombe ni mmoja. Jibini lisiponunuliwa kwenye mnada wa kanisani Jumapili, maziwa yanarudi kwenye kikundi cha kuuza maziwa cha jirani yetu Sifael. Sifael! Anajivunia tangawizi anayoleta mnadani utadhani kaiumba yeye.

Jumatano, 9 Julai
Nimeshuka tena Same kwa bodaboda kutafuta bakteria. Mgongo hauna hali. Naishorua, muuza mtindi kutoka tambarare, kanimiminia kikombe kutoka kwenye kibuyu chake. Kanionya nichemshe maziwa kwanza, yapoe, ndipo nitie mtindi. Ananifundisha mimi, mwenye cheti cha semina!

Alhamisi, 10 Julai
Nimechanganya, kisha nimechemsha vyote pamoja. Kuni si za kuchezea. Mama Agape kauliza kama bakteria hawatakufa. Nimemweleza kwa upole kwamba hawa ni wa tambarare, joto wamelizoea. Maziwa yamekatika mabonge. Nimeyakamua kwa kitambaa na kuyawekea jiwe juu. Jibini!

Jumapili, 13 Julai
Aibu! Baada ya ibada nimelinyanyua jibini na kutangaza mamilioni ya bakteria hai. Nani yuko benchi la mbele? Bi Victoria, mgeni wa mchungaji! Kauliza nimelitengenezaje. Nikaeleza yote. Kauliza taratibu kama ina maana niliwapika. Kanisa zima likaangua kicheko, mchungaji naye!

Sifael kalinunua. Kalinusa, kalirudisha mnadani liuzwe tena, ndiyo desturi yetu mtu akitaka kumtolea Bwana zaidi. Mzee wa kanisa kanunua, karudisha. Hedwiga wa kwaya vilevile. Mara ya nne kalinunua Mama Agape, akalifunga kwenye kanga. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumatatu, 14 Julai
Maziwa ya asubuhi yameenda kwa Sifael. Mama Agape kayapeleka mwenyewe. Jibini tumelila na makande.

Lakini nimewaza. Tangawizi ya Sifael iliuzwa mara moja. Jibini langu mara nne! Wateja wapo, wana wasiwasi wa usalama tu. Nimekwenda kwa Sifael kununua lita tano, nadhani ni za ng'ombe wetu. Safari hii nachemsha mara mbili.