Minyoo ya Kuazima

Jumatatu, 5 Mei 2025

Manyunyu tangu alfajiri. Ukungu umefunika reli.

Wataalamu wa kichocho wamefika zahanati yetu hapa Kimamba. Mmoja anaitwa Evance, mtu wa maabara, katokea Morogoro. Alinipandisha mkono wa blauzi mwenyewe kuonesha watu jinsi mshipa unavyotafutwa. Wangu umejificha. Aliutafuta kwa subira. Sijatafutwa namna hiyo tangu nifungue duka la ushonaji.

Akaeleza wanachochunguza. Mafuta ya damu hayatembei yenyewe, yanapakiwa kama mizigo ya treni. Mnyoo wa kichocho hawezi kujitengenezea mafuta hayo, kwa hiyo anakaa ndani ya mshipa na kupakua kwenye mabehewa yanayopita. Wanataka kujua kama upakiaji ukibadilika, mayai yake yatakomaa vilevile. Wastaafu wa reli wakatikisa vichwa, wameelewa. Mimi nilimwelewa mnyoo. Kukaa mahali pamoja, kungoja kinachopita.

Watachagua watu wa kufuatilia mwaka mzima. Bila shaka watachagua wenye minyoo. Mimi sijakanyaga jaruba la mpunga tangu kidato cha nne. Lakini Siwema, jirani yangu, anashinda kwenye mpunga, maji magotini, na kila jioni analalamika tumbo la chini. Minyoo anayo. Hajui thamani yake.

Wakati wa kuagana, Evance aliniita dada.

Jumatano, 7 Mei

Jua kali mapema.

Damu ilitolewa asubuhi, kabla ya kula. Nikafikiri: wanatafuta mafuta, nisiwaangushe. Nikapitia supu ya makongoro kwanza. Baadaye damu ilipotulia, Evance aliinua kichupa kwenye mwanga, akauliza kama kweli sijala. Nikasema sijala. Akasema damu ina ukungu. Nimeichukua kama sifa.

Mkojo unatolewa mchana, baada ya kurukaruka, ili mayai yashuke. Wanawake tuliruka nyuma ya zahanati tumeshika vitenge viunoni. Siwema akauliza hii ni kliniki au ngoma. Chooni nikamwomba tubadilishane vichupa, nikamwahidi gauni la kuvaa harusini kule Dumila, mikono imejaa kama maputo. Akauliza kama nina akili timamu. Watu wanaazima chumvi, shoga, wewe unaazima mkojo. Akanipa hata hivyo. Gauni ni gauni.

Ijumaa, 9 Mei

Mawingu, hakuna mvua.

Nimekutwa na mayai. Nikashukuru kwa sauti, nesi akanitazama.

Evance alinisimamisha kwenye fimbo ya urefu ili ajue kiasi cha vidonge. Mkono wake ukatua juu ya kichwa changu akisoma namba. Nilitamani namba iwe ngumu kusomeka. Akangoja nimeze vyote mbele yake. Vichungu. Nikauliza atakuja kwangu lini. Akasema wenye minyoo watafuatiliwa hapahapa zahanati na mwenzake, mzee Theodory. Yeye atawatembelea wasio na minyoo, majumbani kwao, kila mwezi, aone kama wataambukizwa na mafuta yao yatakuwaje.

Mzee Theodory anatafuna karanga huku akitoa watu damu.

Jioni pikipiki ya Evance ilikuwa mlangoni kwa Siwema, "asiye na minyoo". Nilikuwa kitandani na kizunguzungu cha dawa ya mtu mwingine, nawasikia wanacheka. Baadaye Siwema akaja kunijulia hali. Eti kiti alichokalia mgeni hajakifuta vumbi, kama nataka kwenda kukitazama.

Nilikwenda.

Jumapili, 11 Mei

Mvua kubwa mpaka saa nne.

Siwema hakwenda shamba. Amejikunja mkekani, mkojo una damu. Akaniomba nisiseme, gauni lisije likaota mbawa. Hapo ndipo nilipoelewa. Dawa yake iko tumboni mwangu.

Nikisema, Evance simwoni tena, hata mlangoni kwa jirani. Nisiposema, Siwema ataendelea kuugua huku wakimhesabu mzima. Nimeshona mkono mmoja wa gauni. Nikaufumua. Nikaushona tena.

Jumatatu, 12 Mei

Kumekucha kweupe, baridi kidogo.

Nilimkuta Evance anafunga masanduku. Nikasema yote, mpaka supu. Mzee Theodory alicheka hadi karanga zikamwagika. Evance hakucheka. Akaagiza Siwema aitwe, akamsimamisha kwenye fimbo, akangoja ameze. Siwema alipomaliza maji akanigeukia: sasa magauni mawili, shoga, na la pili liwe na bitana.

Kisha Evance akaniambia taratibu, "Mama, mkojo wako ulikuwa safi. Ungeleta wa kwako tu, ningekuja kwako kila mwezi, mwaka mzima." Sasa tumeondolewa wote wawili kwenye utafiti.

Mama.

Nikatembea mpaka stesheni, nikakaa. Treni ya mizigo ikapita bila kusimama.

Nikirudi, mzee Theodory akanidokeza kuwa wiki ijayo Evance na wenzake wanaanza Mikumi. Mdogo wangu Happiness anaishi Mikumi. Tunafanana sana, ila yeye anavaa wigi. Nimempigia simu, wigi analo la ziada, hakuuliza la nini. Nimejifunza, sitarudia upuuzi. Safari hii nitafunga kula kweli, na mkojo utakuwa wangu mwenyewe. Jina tu ndilo litakuwa la Happiness.

Sasa ni saa saba kasoro robo usiku, usingizi ndio unakuja.